Bi Korongo na Kompyuta za Kangemi

Mnyama yeyote wa Kangemi aliyetaka kujaza fomu ya serikali alikwenda kwa Mzee Kobe, kwenye saiba yake iliyo kando ya Waiyaki Way. Watoto wa Mbuzi waliomba mkopo wa masomo wa HELB pale, Punda akaingia tovuti ya serikali ya eCitizen kutafuta cheti chake, na kila Juni, kabla ya tarehe 30, wote walipanga foleni kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA. Kompyuta zilikuwa nne, zote mitumba kutoka Uingereza zilizonunuliwa Luthuli Avenue, kila moja na memori ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Ukishawasha moja, Mama Kuku aliweza kwenda sokoni, akachagua sukuma wiki, akakatiwa, akarudi, na bado kile kiduara kinazunguka katikati ya kioo. Na kwa kuwa saiba hulipiwa kwa dakika, maskini walilipia hata kungoja kwao.

Mzee Kobe akashuka Westlands kwa Ndovu, mwenye ofisi ghorofani. Ndovu hakuuliza swali hata moja.

"Mzee, tupa zote. Windows 10 iliachwa bila msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haitazikubali hizo zako."

Alisema kweli. Windows 11 inadai chipu ya usalama, TPM 2.0, pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi za mitumba ni za kabla ya hapo. Ila ukweli wa Ndovu ulikuja pamoja na karatasi ya bei, na bei ya kompyuta moja ilizidi kodi ya chumba cha Kobe kwa miezi sita.

Habari zikamfikia Kima wa City Park, ambaye siku hizi alikuwa fundi mjini. Alikuja na fleshi shingoni na watazamaji nyuma yake. Ndani ya fleshi mlikuwa na nakala ya Windows iliyokwisha kukondeshwa; nani aliyeikondesha, Kima hakujua wala hakutaka kujua. Aliifuta mifumo yote minne, akapachika hiyo nakala, na kila alichoona kimebaki na jina asilolielewa akakikata. Kufikia saa kumi kompyuta ziliwaka upesi hata Punda akapiga kelele za furaha. Kima alibebwa juu juu mpaka stejini.

Kesho yake Mbuzi alitaka kuchapisha barua ya mwanawe. Printa ilikaa kimya. Kazi inayopanga foleni ya uchapishaji ilikuwa miongoni mwa zile zilizokatwa, na saiba isiyochapisha haina chakula. Hilo lilikuwa dogo. Masasisho ya usalama yalikuwa yamekatwa pia, na mlinzi wa virusi naye, kwa sababu hao wawili ndio waliokula memori nyingi. Panya wa mtaroni aliingia bila kubisha, akakaa ndani wiki nzima akisoma kila nywila iliyochapwa. Mama Kuku alipogundua kwamba mwingine anaingia kwenye akaunti yake ya kodi, hakulia. Alikaa kwenye benchi la Kobe akauliza, "Sasa mimi nitamwambia nani?" Swali hilo linaniuma mpaka leo, kwani wanaokata ovyo kwa ajili ya kasi huwa wamekwisha kwenda zao linapoulizwa.

Ndipo Kobe akamwita Bi Korongo, yule mwenye mfuko shingoni anayelala kwenye migunga karibu na uwanja wa Nyayo. Hakuna aliyemfikiria kabla, maana ananuka jalala. Lakini maisha yake yote ni kuchambua taka, na hakuna mnyama Nairobi ajuaye kuliko yeye kipi kimeoza na kipi kimefunikwa tu.

Korongo hakukata kitu siku ya kwanza. Alianza kwa kuifuta nakala ya Kima, na Panya akatoka nayo; akarudisha mfumo kamili wa zamani kutoka nakala ya akiba. Kisha alifungua orodha ya kazi zinazoendelea na kuisoma, huku Kobe ameketi kando. Kompyuta haijaguswa na yeyote, na memori imekaribia kujaa! Alimweleza mzee kwamba memori ikijaa, mfumo huhamishia mizigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka hujibu polepole kuliko memori mara maelfu na maelfu. Hapo ndipo dakika za Mama Kuku zilipokuwa zikienda. Kisha akaiuliza kila kazi: wamtumikia nani? Moja ilikuwa ya printa iliyokufa zamani. Nyingine ilikuwa ya mazungumzo ambayo hakuna aliyewahi kuyafungua, nyingine mchezo uliojiwasha wenyewe kila asubuhi. Walinzi wa virusi walikuwa wawili, wakikaguana wao kwa wao. Alimbakiza mmoja. Nyingine hakuzifuta, alizizima tu zisiamke na mashine, akangoja siku chache aone nani atalalamika.

Alilalamika Tausi, aliyezoea madirisha yanayong'aa, maana mapambo hayo nayo yalikuwa yamezimwa. Basi.

Korongo hakuficha kwamba kuchambua peke yake hakutoshi. Alimtuma Kobe Luthuli kununua diski zisizozunguka, na hizo ndizo zilizoleta nafuu kubwa. Na kwa kuwa Windows 10 haina tena masasisho ya bure ya kudumu, mwishowe aliweka badala yake Linux Mint yenye sura nyepesi ya Xfce, tawi la mti uliopandwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds. Inasasishwa bure, na GB 4 zinaitosha. Fomu za KRA zilifunguka, printa ikachapisha.

Juni iliyofuata Ndovu alimtuma Mbwa kumwita Korongo. Zile kompyuta zake za GB 16 nazo zilikuwa zimeanza kusota. Korongo alikwenda, lakini askari wa mapokezi alimzuia mlangoni kwa ajili ya harufu. Akageuka bila maneno mengi, akaacha ujumbe: kompyuta ziletwe Kangemi, na Ndovu apange foleni nyuma ya Mama Kuku.