Mkanda Haupigwi Picha

Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Subaru Impreza, na mpaka leo kila mwenye Impreza WRX kuukuu jijini Nairobi anaamini ushindi ule ulikuja na gari lake kutoka Japani. Basi pesa ya kwanza huenda kwenye ekzosi. Ngurumo ile inayoamsha watoto wa Roysambu saa nane usiku hutokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu. Mwenzetu amelipa ili tofauti hiyo isikike hadi Kasarani. Halafu stika. Halafu bawa la nyuma, pana la kutosha kuanikia nguo za familia.

Na mkanda wa taimingi? Huo haungurumi, haupigwi picha. Ukikatika, kwenye injini ya EJ20 ya gari hili valvu na pistoni hukutana ana kwa ana, na fundi hununua kiwanja Kitengela. Oili nayo huongezwa taa nyekundu ikiwaka, maana turbo, bwana, hupozwa na upepo wa Thika Road.

Ukimshauri mwenzetu kuhusu mkanda, atakuuliza kama unajua gari hili lina nguvu za farasi wangapi. Zaidi ya 200, ndugu yangu, na wote wamefungwa kwa kipande kimoja cha mpira.