Saa Elfu Tatu za Babu

Mama yangu, aliyeko Tanga, hajapata kuelewa kwa nini mtu ambaye tayari anarusha ndege afunge tai na kusafiri akapange foleni kuomba kazi ya kurusha ndege. Na ukilitazama jambo kwa jicho lake, ana haki. Picha niliyomtumia inanionyesha nimesimama ubavuni mwa ndege yenye jina la shirika kubwa la Marekani, herufi ndefu kuliko mimi.

"Si umeshaandikwa hapo, mwanangu? Unataka wakuandike wapi tena?"

Nilimweleza kwamba jina lile ni rangi tu. Mashirika makubwa ya Marekani hayarushi safari zake zote yenyewe. Zile fupi za kwenda miji midogo huzipa kampuni za mikoani ambazo abiria wengi hata hawazijui. Rangi ni ya mkubwa, tiketi ni ya mkubwa, juisi ni ya mkubwa, ila rubani ni wa mdogo. Viti vya abiria havizidi 76, kwa sababu marubani wa mashirika makubwa wamelibana hilo kwenye mikataba yao, kazi yao isije ikahamia yote kwetu. Mimi ni wa viti 76.

"Mama," nikamwambia, "hizo daladala zenu zilizoandikwa Real Madrid, dereva wake anachezea Real Madrid?"

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo sasa unataka kuwa mchezaji."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa umri huo?"

Hapo aligusa penyewe. Sheria ya Marekani inamtoa rubani wa ndege za abiria akifika miaka 65. Zamani ilikuwa 60, wakaongeza mwishoni mwa 2007. Na ndani ya shirika kila kitu kinakwenda kwa tarehe ya kuajiriwa: utaruka ndege gani, utaishi mji gani, Krismasi utakula pilau nyumbani au biskuti angani. Uhodari hauhesabiki. Aliyekutangulia jana atakutangulia mpaka siku anayostaafu, na likizo ya Agosti ataichukua yeye. Ndiyo maana ukimwona rubani wa kampuni ndogo ana haraka usimwone mroho. Anaogopa watu wanaoingia wiki hii.

Kwa hiyo tunakwenda kwenye maonyesho ya ajira. Chimbuko lake ni la heshima. Mwaka 1957 Marlon Green, rubani mweusi aliyetoka jeshi la anga, aliomba kazi shirika la ndege la Continental akanyimwa kwa rangi yake. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, akashinda mwaka 1963. Huyo hakuhitaji maonyesho, alihitaji mawakili. Marubani weusi waliofuata wakaunda chama chao mwaka 1976, baadaye wanawake wa sekta ya anga wakaunda chao, na kwenye mikutano yao ya kila mwaka mashirika yakaanza kuleta meza. Wazo lilikuwa kwamba wale ambao hawana mjomba ndani ya shirika wapate angalau kuonana na mtu wa ndani. Leo kila mtu anakuja. Mikutano ya wanawake haimfukuzi mwanamume, nasi wanaume tunajitokeza kuwaunga mkono dada zetu kwa ari isiyo ya kawaida, hasa saa za meza za ajira.

Kufika huko ni kichekesho peke yake. Marubani tunasafiri bure, kwa maana kwamba kiti kikibaki tunapewa, kisipobaki tunabaki sisi. Na ndege za kwenda mji wa maonyesho hujaa marubani wanaosubiri viti. Asubuhi ile langoni tulikuwa kundi la suti nyeusi, kila mmoja amekaa mbali na mwenzake, hakuna aliyekuwa tayari kutaja anakwenda wapi. Mmoja niliyekuwa nikiruka naye wiki iliyotangulia aliniambia anakwenda kumwona shangazi yake. Nikamwambia na mimi nina shangazi kule. Dada wa langoni akatukagua kwa macho, akauliza kwa upole kama tunakwenda msibani wote pamoja.

Kile kiti cha ziada ndani ya chumba cha marubani kilichukuliwa na mpwa mwingine wa shangazi. Mimi nikapata cha nyuma kabisa, mlango wa choo begani, na suti yangu ikashushwa kwenye shehena kwa sababu sehemu za juu zilijaa suti.

Hotelini nikafanya wanachofanya wote: unaitundika suti bafuni, unafungua maji ya moto, unafunga mlango, mvuke unainyoosha. Orofa nzima ilikuwa inanyoosha. Saa nne usiku mvuke wa mmoja wetu ukaamsha king'ora cha moto. Laiti abiria wangu wangetuona. Hakuna aliyekimbia. Watu walishuka ngazi kwa mstari mmoja, wametulia, wameacha mizigo yao vyumbani kama tunavyowasihi abiria waiache na hawasikii. Ila kila mmoja alikuwa na logibuku zake, daftari za saa alizoruka, kwapani. Tulisimama kwenye maegesho kwa kandambili za hoteli, na siri ya shangazi ikawa imekwisha.

Asubuhi, foleni. Shirika kubwa linaweka meza moja, maafisa wawili au watatu, na mbele yao mstari unaokunja kona mara kadhaa ndani ya ukumbi. Ukifika mezani unapewa kama dakika mbili hivi: unatoa wasifu wa ukurasa mmoja, unatabasamu, unasema kwa nini unalipenda shirika lao kuliko lile la meza ya jirani, ambako umetoka kusema hayohayo. Afisa anaandika alama ndogo kwenye kona ya wasifu, anakupa kalamu, unaondoka.

Ile alama ndiyo dini ya foleni. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa na hakika kwamba tiki kwenye kona ya kulia ni wito wa usaili na nukta ni jalalani. Wa nyuma yangu akasema mambo yamebadilika, nukta ndiyo nzuri siku hizi, tiki ni ya adabu tu. Kijana mmoja alisikia kwamba wakikunja kona ya karatasi umepita. Hawa ni watu wanaobishana na rada. Nilipofika karibu na meza nikaona kwa nini baadhi ya karatasi zina nukta: kalamu walizokuwa wakigawa zilikuwa zinavuja.

Ukumbi wa pili wa hoteli ileile ulikuwa na harusi. Katikati ya foleni yetu akaingia bibi mmoja wa Kimarekani, kofia ya zambarau, pochi ya kung'aa, akiamini kwamba suti nyeusi zilizopangwa mstari ni watu wa upande wa bwana harusi. Tukampisha. Nani amwambie bibi arudi nyuma? Akafika mezani akakaa kabisa, kwenye kiti ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekaribishwa. Ikatokea marehemu mume wake alikuwa fundi wa ndege. Afisa ajira, kapteni mstaafu mwenye nywele nyeupe, akaegemea mbele; wakazungumza injini za zamani, wakacheka, wakaonyeshana picha za wajukuu. Sisi tuliosomeshwa kuanza na "Habari, jina langu ni" tulisimama tukihesabu dakika zetu zinavyoliwa. Bibi akaondoka na mfuko, kofia ya shirika na ndege ya plastiki. Kijana wa kona iliyokunjwa akaninong'oneza, "Umeona wamemwandikia nini?"

Zamu yangu ikafika. Afisa akaniuliza jina, akaandika kwenye kishikwambi, akakunja uso.

"Una ndugu yako naye rubani?"

Kwetu mtu anakuwa na jina lake, la baba na la babu, na yote ni yake. Ofisi za Marekani hazina nafasi ya wazee wawili. Pasipoti ikakata hapa, leseni ikakata pale, na kompyuta ya shirika lile, ambayo nilikuwa nimeijazia fomu miaka miwili bila kupata hata jibu la kukataliwa, ilikuwa imetengeneza marubani wawili. Wa kwanza, mwenye jina la baba, alikuwa na leseni zote lakini hajaruka hata dakika moja. Wa pili, mwenye jina la babu, alikuwa na saa elfu tatu na ushei angani, ila hana leseni yoyote.

"Huyu wa pili ni nani?" akauliza.

"Ni babu yangu," nikasema, kwa kiherehere cha kueleza. Babu alikuwa baharia wa jahazi. Hakupanda ndege mpaka anaingia kaburini. Afisa akatazama zile saa elfu tatu, akatazama pembeni alikosimama msimamizi wa usalama, akanitazama mimi.

Ikabidi nianze upya, mzee mmoja baada ya mwingine, nikichora mti wa ukoo nyuma ya wasifu wangu kwa kalamu inayovuja. Alipoelewa alicheka mpaka akavua miwani. Akagusagusa kishikwambi, akampigia mtu simu, na pale pale mbele yangu nikaunganishwa kuwa mtu mmoja.

Zikabaki sekunde chache. "Nipe mfano," akasema, "wa siku uliyopingana na kapteni wako."

Wanaliuliza swali hilo kwa sababu nzito. Tenerife, Machi 1977, ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani na watu 583 wakafa. Kapteni wa KLM, mtu mzima aliyeheshimika, alianza kuruka bila kibali, na wenzake chumbani hawakupaza sauti ya kutosha. Mwaka uliofuata ndege ya United iliishiwa mafuta karibu na Portland, waliojua wakimdokezea kapteni kwa staha. Ndipo mafunzo ya kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikia yakaanza. Nayakubali kabisa. Lakini mimi nimelelewa kumwamkia mtu mzima shikamoo kabla ya kumwambia nyumba yake inaungua. Nikampa kisa cha usiku mmoja wa barafu, cha kweli, nikaondoa zile samahani zilizotangulia, maana zingemaliza sekunde zote.

Sasa, maonyesho haya yanasaidia? Kijana anayenijia kutoka vyuo vya urubani huniuliza hivyo, ameshakopa nauli. Ninavyoona, kinachoajiri ni msimu. Janga la korona liliwastaafisha mapema maelfu ya marubani mwaka 2020, abiria wakarudi, na mwaka 2022 pekee mashirika makubwa yakaingiza zaidi ya marubani 12,000. Mwaka huo meza ndizo zilizokuwa zinatongoza. Mwaka 2024 Boeing ikachelewesha ndege, United ikasitisha kwa muda kuingiza wapya, Southwest nayo ikafunga mlango. Meza zikabaki, kalamu zikabaki, tabasamu likabaki, nafasi hakuna. Rafiki yangu wa Mombasa aliitwa kwenye usaili akiwa anafua nguo, hajakanyaga maonyesho hata siku moja. Mwingine nimjuaye hakosi, ana kalamu za kutosha kufungua duka la vifaa vya shule, na bado anaruka nami viti 76.

Ila msimu haukuwa na uwezo wa kuniunganisha mimi na babu. Wala kompyuta isingegundua kwamba imekosea, maana kwa upande wake kila kitu kilikuwa sahihi: mmoja hana saa, mwingine hana leseni, wote wawili hawafai. Alihitajika mtu mwenye macho na muda wa kucheka. Kwa hiyo yule kijana namwambia aende, lakini asiende kutafuta tiki. Aende akaulize faili lake linasema nini.

Majibu yalikuja kwa barua pepe, siku moja, yakipishana kwa dakika chache. La kwanza, kwa jina la babu, lilimshukuru kwa moyo wake wa kutaka kujiunga na familia ya shirika, likamwarifu kwamba wamewachagua wengine, likamtakia mafanikio katika safari yake. La pili lilikuwa langu: wito wa usaili, nije na logibuku halisi, na tiketi ya kwenda na kurudi yenye namba ya kiti kabisa.

Babu hakupewa tiketi, lakini nilimchukua.