Milano Imefungwa, Arusha Imejaa



Shangazi, naomba barua hii isomwe kwa sauti, maana kila anayenipigia kutoka nyumbani Tengeru ana swali lile lile: "Wazungu wote wako likizo, wewe mbona huji?" Nijibu mara moja, yaishe.

Ni kweli, Agosti Milano inafungwa. Kinyozi kabandika karatasi mlangoni: tuonane Septemba. Fundi viatu naye, karatasi. Jirani yangu kavimba jino, kumbe daktari wake wa meno yuko baharini, basi anashinda kashika shavu. Kilele ni tarehe 15, Ferragosto, sikukuu ya tangu enzi za Kaisari Augusto, siku ambayo Wakatoliki wanaadhimisha Kupalizwa kwa Bikira Maria. Hata ujitetee kwamba wewe ni Mlutheri wa Nkoaranga, mkate huupati.

Mgahawa ninakofanya kazi umefungwa pia, kwa hiyo likizo ninayo, tena ya lazima. Kinachokosekana ni nauli. Hapo sasa, shangazi, kaa vizuri kwenye kigoda.

Miezi hii huko kwetu ni kipupwe, nyasi zimekauka, nyumbu wanavuka Mto Mara kaskazini mwa Serengeti, na kila Mwitaliano mwenye kamera anazo habari. Shule za huku zimefungwa. Ndege ya kupitia Addis Ababa kuja uwanja wa ndege wa KIA inajaa baba, mama, watoto na makofia yao ya porini, na bei yake naona haya kuitaja mbele ya wazee. Inakuja kushuka Aprili, masika yakikolea na kambi za porini zikifunga. Lakini Aprili ndipo Milano ina Salone del Mobile, maonyesho ya samani, wageni wanafurika mjini, na bosi hakupi ruhusa hata ya kuugua. Mkipumzika ninyi, mimi nasugua masufuria. Nikipumzika mimi, ninyi hamshikiki.

Maana hata nikija sasa, nani atanipokea? Mwanao mkubwa anaendesha watalii. Nyumbani anapita kubadilisha soksi tu. Mdogo wake anapandisha wageni Mlima Meru, mita 4,566, nyuma ya askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Nikimpigia nasikia upepo. Wewe mwenyewe uko Njiro kwenye maonyesho ya Nanenane. Nije nipokewe na mbwa?

Basi mimi nitapanda treni hadi Ziwa Como, na chapati zangu mfukoni. Nitapiga picha, mtaona nimependeza.

Ila kinachoniuma hasa ni hiki: bosi wangu, yule aliyeniuliza kama Arusha kuna lami, anatua KIA wiki ijayo! Kanunua suruali za zipu magotini na dawa ya mbu. Sweta hana. Nilimwambia Agosti chini ya Meru watu wanakunywa chai na makoti mwilini, akacheka sana: Afrika, baridi? Nikanyamaza, nikaendelea kusugua.

Jumamosi atapita soko la Tengeru. Nimemwelekeza kwenye meza yako ya parachichi, na usimwambie tunajuana. Atakuwa anatetemeka, kwa hiyo weka na sweta za mtumba hapo karibu. Mpe bei ya mgeni. Kitakachozidi usikipeleke kwenye kikoba, shangazi. Niwekee, ni nauli yangu ya Agosti ijayo.