Sifa za Kukariri Serikali

Kila mgeni akifika jimbo letu la Tshopo, Kongo, ana chake cha kusifu. Mmoja atasifu maporomoko ya Wagenia na mitego yao ya samaki, mwingine msitu wa Maiko na okapi wake asiyeonekana, na yule mwenye mizani mfukoni atasifu dhahabu na almasi ya Bafwasende, tena kwa sauti ya chini. Sijamsikia hata mmoja akiyasifu maarifa ya serikali na siasa yanayokaririwa usiku kwa ajili ya konkuru ya kuingia kazi ya Leta, yaani mtihani wa kuwania ajira ya serikali. Huu ni uonevu. Almasi huisha, okapi hujificha, lakini kijana mwenye diploma na fotokopi ya katiba hapungui kamwe, na hakuna mshairi aliyemkumbuka. Basi nitajitolea mimi, kwa kuwa yeye mwenyewe hana nafasi ya kujisifu.

Uzuri wa serikali inayokaririwa ni kwamba haina kasoro hata moja. Ina wabunge 500, hakuna kiti kilicho wazi. Ina Mahakama ya Katiba yenye majaji tisa: watatu huletwa na Rais, watatu na Bunge, watatu na Baraza Kuu la Mahakama, kila mmoja miaka tisa bila kurudia, na hesabu hiyo inapendeza masikioni kama shairi lenye vina. Ina ibara ya 175 ambayo kwayo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopaswa kwenda majimboni huzuiliwa kulekule yanakokusanywa, hayasafiri kwenda Kinshasa, hayachelewi, hayapungui njiani. Magavana wamehangaika miaka mingi kuzitafuta fedha hizo. Mtahiniwa huzipata kila usiku, zote, mnamo saa tatu, akishamaliza kula.

Ina pia ibara ya 193, kipenzi changu, isemayo kwamba utumishi wa umma hauna siasa, hauegemei upande wowote, wala mtu hawezi kuugeuza uwe wa manufaa yake au ya chama chake. Mtahiniwa huirudia mara mbili akiwa amefumba macho. Kisha huyafumbua na kukumbuka kwamba ana mjomba Kinshasa, na kwamba namba ya mjomba imezimwa tangu Pasaka.

Wapo wanaosema masomo ya namna hii yangefaa yafanyike mji mkuu, karibu na wizara na maktaba. Hawajui wasemalo. Kinshasa mtu anaweza kusoma kuhusu Seneti asubuhi, na mchana akakutana na seneta. Maarifa yote yakaharibika. Bafwasende iko umbali wa kilomita zipatazo 260 kutoka Kisangani kwa barabara ya taifa namba 4, na teritwari yake peke yake ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Katika ukubwa huo mwanafunzi wa siasa anaweza kukariri bila kusumbuliwa na ushahidi. Chukua ibara ya 48, inayotambua haki ya kila mtu kupata makazi mazuri, maji ya kunywa na nguvu ya umeme. Mkazi wa mjini huisoma chini ya taa ya umeme, anapita haraka, haoni kitu. Kijana wa kwetu huisoma kwa tochi aliyoibana kati ya bega na shavu, betri zikielekea kufa, na hakuna neno la ibara ile linalompita. Anaielewa kuliko walioiandika.

Tena kuna raha ya mitego, ambayo watunga mtihani wanaipenda kama wavuvi wa Wagenia wanavyoipenda ya kwao. Swali: je, teritwari ya Bafwasende ni taasisi ya utawala iliyogatuliwa? Asiyesoma atajibu ndiyo, maana anaiona ofisi ya administrata, bendera na mlinzi aliyesinzia. Amekosa. Kwa ibara ya 3, taasisi zilizogatuliwa ni miji, komyuni, sekta na uchifu. Teritwari yenye ofisi na bendera haina nafsi yake kisheria. Ni mkono wa serikali ya juu tu. Sekta ndiyo yenye nafsi, yenye bajeti, yenye baraza linalochaguliwa na wananchi, kama ilivyofafanuliwa na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008. Na hapo ndipo elimu inapofikia kilele chake, kwa sababu chini ya katiba hii wapiga kura wa sekta hawajawahi kuitwa kulichagua baraza hilo. Uchaguzi wa madiwani ulipofanyika mwishoni mwa 2023 uligusa komyuni chache za mijini, sekta zikaambiwa zisubiri. Kwa hiyo mtahiniwa anajua idadi ya wajumbe, muda wao, mamlaka yao na namna ya kuwaondoa, watu ambao hawajazaliwa kisiasa. Kumjua kiongozi aliyepo si kazi ngumu, hata mbuzi wa sokoni wanamjua. Kumjua asiyekuwepo hadi kipengele cha mwisho, hiyo ndiyo elimu.

Katiba inakaririwa kwa Kifaransa. Majirani wanaosikia sauti ukutani usiku wa manane hudhani kijana amejazwa Roho na ananena kwa lugha, na mama mmoja au wawili wa kanisani wameshasema naye kwa upole kuhusu kuongoza maombi ya Jumatano. Ibara ya 142 inataka kila sheria isambazwe kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku sitini. Hiyo nayo anaijua. Anaikariri kwa Kifaransa.

Nisiisahau historia, maana silabusi haiisahau. Bafwasende haijahama hata hatua moja; mto Lindi unapita palepale. Anwani ndiyo iliyotembea. Wakati wa uhuru tulikuwa Jimbo la Mashariki, kisha yakaja majimbo madogo ya miaka ya sitini, kisha Haut-Zaïre ya Mobutu mwaka 1971, kisha Mashariki tena mwaka 1997, na tangu 2015, majimbo yalipokatwa yakawa 26, sisi ni Tshopo. Mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1960 na asitoke kijijini amesafiri kiutawala kuliko mabaharia. Na katiba je? Ile sheria ya msingi ya Mei 1960, ya Luluabourg mwaka 1964, ya 1967, ile ya mpito ya 1994, nyingine ya mpito ya 2003, na hii ya tarehe 18 Februari 2006, iliyorekebishwa Januari 2011. Kila moja ilikuja kudumu. Baba zetu walikariri Manifesto ya N'Sele ya mwaka 1967, ya chama cha Mobutu, kwa bidii ileile, na wapo wazee wanaoweza kukutolea kurasa zake hadi leo, bila kuulizwa, hasa kwenye matanga. Hakuna tena anayewapa alama. Lakini tazama uimara wa kumbukumbu: chama kimekwenda, nchi imebadili jina, karatasi zimeliwa na mchwa, na kichwa cha mzee kimehifadhi.

Kisangani hasa haina haki ya kuidharau mitihani. Ilipokuwa ingali Stanleyville, karani mmoja wa posta, aliyepitia shule ya posta kule Léopoldville, aliomba kadi ya usajili ambayo Wabelgiji waliianzisha kwa amri ya 1952 kwa ajili ya Waafrika waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Huo ulikuwa mtihani uliomfuata mtu mpaka nyumbani kwake: tume ilitaka kujua anasoma nini, mkewe anaishije, mezani wanakula kwa kutumia nini. Ombi lake lilikataliwa kwanza. Akakata rufaa, akaipata mwaka 1954. Jina lake Patrice Lumumba, na miaka sita baadaye alikuwa Waziri Mkuu. (Hadithi ya posta ilipita pia gerezani mwaka 1956, kwa fedha za posta hiyohiyo, ila silabusi huvuka sehemu hiyo kwa adabu.) Siku ya uhuru Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika thelathini katika nchi nzima. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Léopoldville shule ya taifa ya sheria na utawala, na tangu hapo dawa ya kila ugonjwa wa Leta imekuwa ileile: tufungue shule, tuandae konkuru. Hii iliyopo sasa, Shule ya Taifa ya Utawala, ilianzishwa kwa dekreti ya 2013. Sheria ya watumishi ya tarehe 15 Julai 2016 nayo inasema njia ya kawaida ya kuingia kazini ni konkuru. Nasisitiza neno kawaida kwa sababu mtunga mtihani naye hulisisitiza.

Safari ya kwenda kufanya mtihani ni sehemu ya mtihani, ingawa haina alama. Kijana hupakiwa kwenye pikipiki nyuma ya gunia la mpunga na jogoo wawili, katiba iko ndani ya mfuko wa plastiki kifuani. Kwenye bariere ya kwanza kamba imefungwa barabarani. Hapo anapata nafasi ya kufanya mazoezi. Humweleza Papa Komanda, mwenye kamba hiyo, kwamba kwa ibara ya 30 kila aliyemo nchini ana haki ya kwenda na kurudi atakako, na kwa ibara ya 174 hakuna kodi inayowekwa isipokuwa kwa sheria. Papa Komanda husikiliza hadi mwisho, maana Kifaransa kizuri hakisikiki kila siku barabarani. Humsifu. Huwaita wenzake waje wamsikilize mtoto wa kwetu aliyesoma. Kisha hutaja kiasi kilekile alichokitaja kwanza, na dereva humkanyaga kijana mguu ili asianze ibara nyingine, kwa sababu ya kwanza imeshachelewesha jogoo.

Majina ya mawaziri huandikwa kwa penseli. Huo ndio ushauri wa waliotangulia, nao ni wa hekima: tangu 2019 tumekuwa na Ilunga Ilunkamba, Sama Lukonde na Judith Suminwa kwenye kiti cha Waziri Mkuu, na kila mmoja na msafara wake wa mawaziri wenye vyeo virefu kuliko mkoba. Ibara ziandike kwa wino, watu kwa penseli.

Wabishi watauliza: na akishafaulu? Swali la watu wasio na subira. Akishafaulu hupewa barua, huripoti ofisini, hupewa nusu ya kiti. Anakuwa yule anayeitwa NU, mtumishi mpya asiye na matrikule (namba ya utumishi) wala mshahara, anayesubiri jina lake liingizwe kwenye mashine ya malipo. Wapo wanaosubiri miaka. Je, nani mwingine angeweza kusubiri hivyo isipokuwa mtu aliyezoezwa kuamini yaliyoandikwa? Ndiyo maana nasema masomo haya yanaijenga nchi. Uchina ilikuwa na mitihani ya namna hii kwa karne zipatazo kumi na tatu, mpaka ilipofutwa mwaka 1905, na mmoja wa walioanguka mara kwa mara, Hong Xiuquan, aliishia kuongoza uasi wa Taiping, vita vya miaka kumi na minne vilivyoua mamilioni. Wetu wakianguka hununua madumu mawili, hukaa kando ya barabara wakawa makadhafi, wanauza petroli kwa chupa. Ukisimama kuweka mafuta, atakujazia bila kumwaga tone, na ukimuuliza kuhusu ibara ya 64 atakueleza wajibu wa kila Mkongomani kumpinga anayetwaa madaraka kwa nguvu, kisha atakurudishia chenji kamili. Serikali gani duniani ina upinzani mpole namna hiyo?

Kuna wema mmoja zaidi, na wanasiasa wa pande zote wameupuuza. Tarehe 23 Oktoba 2024 Rais Tshisekedi alikuja Kisangani, na mbele ya umati akatangaza kwamba ataunda tume ya kuitazama upya katiba. Kinshasa walilipuka: wapinzani wakasema anataka kuongeza muhula, wafuasi wakasema katiba iliandikwa na wageni, maaskofu wakatahadharisha, wanasheria wakakimbilia ibara ya 220 inayofunga kwa kufuli idadi na urefu wa mihula ya Rais. Hakuna aliyekuja kuwauliza watu wenye hasara ya kweli katika jambo hili. Mwanasiasa akibadilishiwa katiba hubadilisha hotuba, kazi ya asubuhi moja. Mtahiniwa akibadilishiwa katiba amepoteza mafuta ya taa, betri, usiku wa misimu miwili ya mvua na heshima ya kuitwa Konstitisio na wadogo zake. Kama kuna jeshi litakaloilinda katiba ya 2006 hadi mtu wa mwisho, si kwa mapenzi bali kwa uchovu, ni hili lililotawanyika kutoka Opienge hadi Bafwasende likisoma kwa tochi.

Nilimweleza mmoja wao hayo yote: tume, kufuli ya 220, mihula, hoja za kila upande. Alinisikiliza kwa makini kama anavyowasikiliza wakubwa, kidole kikiwa katikati ya fotokopi kushikilia ukurasa. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama zitabaki 229, kwa sababu yeye ameshafika ya 187.