Juala Lipewe Haki Yake

Taita Taveta ina vito. Huko Kasigau na Kamtonga vijana wanashinda mashimoni wakitafuta tsavoraiti, kito cha kijani chenye jina la Tsavo yetu, na wengi hutoka na vumbi masikioni na deni dukani. Lakini kipo kitu kimoja kilichokuwa kikiokotwa bila sururu, penye kila ua na kila mgunga, ambacho serikali yenyewe ilikipangia bei: shilingi milioni mbili hadi nne, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Ni juala, ule mfuko wa plastiki. Lilipanda cheo hivyo tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipolipiga marufuku, na naona aibu kwamba mpaka leo hakuna mtu wa kwetu Voi aliyesimama kulisifu.

Nasaba yake si haba. Mwaka 1933 wanakemia wa kampuni ya ICI kule Northwich, Uingereza, walikuwa wakitafuta kitu kingine kabisa, wakakuta ndani ya chombo chao masalio meupe kama nta ya mshumaa. Hiyo ndiyo polyethilini, mtoto wa bahati. Ikazaa ukoo mkubwa: matangi, mabomba, mitungi ya manjano ya lita ishirini, na kitindamimba wao, mfuko mwepesi wenye mikono miwili kama fulana, uliobuniwa na Sten Gustaf Thulin wa Sweden na kupata hataza ya Marekani mwaka 1965.

Katika ukoo huu mtungi ndiye mtoto mwema. Bomba la Mzima linapita kwetu likielekea Mombasa, na siku mifereji yetu inapokohoa hewa tupu, ni mtungi unaosimama foleni kwa niaba ya mwenyewe. Huandikwa jina kwa rangi. Ukipotea, mtaa mzima huulizwa. Basi mtungi hauhitaji wakili. Namsemea yule asiye na mtu.

Juala lilitolewa bure, tena likaongezwa la pili juu ya la kwanza "lisije likapasuka, mama." Lina gramu chache tu, lakini lilibeba unga, sukari, mafuta na sabuni kutoka stendi hadi mtaa wa Sofia bila kuguna. Lilibeba sukuma wiki iliyokatwakatwa ikingali na maji yake. Lilibeba chai ya moto, limefungwa fundo shingoni, likamfikia mgonjwa kabla haijapoa. Mvua ya Wundanyi ikishuka ghafla, lilikuwa kilemba cha dada aliyetoka kusuka nywele jana. Na hata mche unaopandwa kwa hotuba ndefu Siku ya Mazingira, mara nyingi umelelewa na nani? Na mfuko mweusi wa polyethilini.

Msidhani nasema kwa mapenzi tu. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha mwaka 2011 hesabu yake: kwa upande wa kuongeza joto duniani, mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo ulingane na juala lililotumika mara moja. Ninyi mnaojisifu kwa mifuko ya kitambaa, hebu hesabuni safari. Mimi nina sita nyuma ya mlango, kila mmoja umenunuliwa siku niliyosahau mingine. Tena ile ya bei rahisi, inayofanana na kitambaa, ukiisogeza karibu na moto utaijua: ni plastiki iliyovaa kanzu.

Na mpira! Tulikuwa tukisokomeza majuala kumi ndani ya moja, tukayafinyanga kwa magoti, kisha tukayafunga kwa kamba ya mkonge. Mkonge haukuwa shida. Pale Mwatate shamba lake huishia macho yanapochoka. Watu wazima wanajua kwamba kamba za plastiki ndizo zilizounyang'anya mkonge soko lake duniani. Sisi hatukujua. Uwanjani kwetu mahasimu hao wawili walikumbatiana, na tukawapiga mateke pamoja.

Profesa Wangari Maathai alilishtaki juala kwamba linakinga maji ya mvua na kuzalisha mbu wa malaria. Nakubali ushahidi, nakataa tafsiri. Ni fukara gani mwingine, hana nyumba wala kazi, analala mtaroni, naye bado anawapangisha wengine bila kodi? Serikali ilijaribu kulikomesha mwaka 2007, ikajaribu tena 2011, kila mara kwa kuliwekea kipimo cha unene. Juala likatii kama linavyotii kila amri, yaani likaendelea.

Taveta ndiko lilikoonyesha elimu yake ya sheria. Tanzania haikulipiga marufuku mpaka tarehe 1 Juni 2019. Kwa hiyo kwa mwaka mmoja na miezi tisa, juala lilelile lilikuwa kibebeo cha nyanya upande wa Holili, na ukivuka nalo kuingia Taveta likawa kielelezo cha mahakamani. Mama mwenye vitunguu alipaswa kujua hasa mpaka unapita wapi, jambo ambalo hata mabwana waliouchora hawakulihangaikia sana.

Lakini sifa kuu ya juala ni uaminifu. Mvua hutuacha, vijana wetu hupanda basi la Mombasa wasirudi, hata reli ya zamani ilituachia stesheni tupu. Juala haliondoki. Jua la Voi likilipiga, halifi. Linachanika vipande, na kila kipande kinabaki juala.

Tangu 5 Juni 2020 huruhusiwi kuingia Tsavo Mashariki na chupa ya plastiki ya kutumia mara moja. Tembo wa ndani ya hifadhi wamepata haki hiyo. Mbuzi wa nje ya ua hawajapata.

Krismasi iliyopita tulinunua beberu kwa mfugaji wa Maungu. Mgongo ulikuwa mkavu lakini tumbo limejaa, tukasema bora huyu amepata malisho. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa akisafisha matumbo. "Shemeji," akaniita, "njoo uone huyu alikuwa anakula nini." Mkononi alikuwa na donge la kijivu, kubwa kama ngumi mbili, gumu, limesokotana na manyoya na nyuzi. Tukalimwagia maji ya mtungi, tukalifungua polepole kama barua ya zamani. Lilikuwa juala, mikono yake yote miwili mizima. Jina la duka lilikuwa limefutika, maana juala halimsaliti aliyelituma. Maneno ya chini yalikuwa yamepauka lakini yanasomeka: ASANTE, KARIBU TENA. Shirika la UNEP lilikadiria kwamba kabla ya marufuku maduka makubwa ya Kenya yalikuwa yakigawa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Nikawaza shukrani zote hizo ziko wapi sasa.

Nyama tuliimaliza siku ileile. Matumbo hakuna aliyeyataka. Juala nikalitundika uani likauke, niamue kesho la kufanya. Usiku upepo ukalichukua. Asubuhi lilikuwa juu ya mgunga wa jirani, na leo nimetoka kuliangalia: bado lipo.