Sifa za Dumu la Maji ya Chumvi

Maji ya chumvi ya visima vya Dar es Salaam hutukanwa asubuhi na kuombwa jioni. Asubuhi yanakataa kutoa povu, yanaharibu chai, yanaacha utando mweupe kwenye sufuria. Jioni, Coaster ikichemsha katikati ya foleni ya Mbagala Rangi Tatu, mvuke ukipanda karibu na gia na abiria wakidai nauli zao, konda hukimbilia genge la jirani na kurudi na dumu la njano la lita 20. Dereva hulipokea kwa mikono miwili, wala haulizi limejazwa wapi. Kinywaji kinachopokelewa hivyo kinastahili kusifiwa hadharani, japo mara moja.

Kwanza, nasaba yake. Agosti 1888 Bertha Benz alitoka Mannheim na wanawe wawili, bila kumuaga mumewe, akaendesha gari mpaka Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Injini ile ilipozwa kwa maji yanayochemka na kupotea hewani, kwa hiyo msafara ulisimama kila mara kuongeza chochote kilichopatikana njiani. Safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikwenda kwa maji ya kuokoteza, na utingo wa Temeke anayechota popote anafuata mila ya waasisi.

Hapa jijini ukoo ulitanuka mwaka 1997, ukame ulipobana na serikali ikachimba visima vya dharura. Wenye nyumba nao wakachimba vya kwao, toka Tegeta na Mbweni mpaka Yombo na Chamazi, na hawajaacha. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayolisha mabomba ya jiji, kwa pamoja ina uwezo wa lita milioni 466 kwa siku. Oktoba 2022 Mto Ruvu uliposhuka, uzalishaji ulianguka hadi kama milioni 300, mgawo ukatangazwa. Bomba likanyamaza, kisima kikaendelea kusema. Tena kadiri kinavyosemeshwa ndivyo kinavyokolea: maji baridi ni mepesi, hukaa juu ya yale ya bahari, na pampu ikivuta bila kupumzika, bahari hupanda kutoka chini kuja kujaza nafasi.

Lakini sifa yake kuu ni ukarimu. Maji mengine yakipita kwenye injini hayaachi kitu. Haya huacha.

Watengenezaji wa mitambo mizito wamejaribu kuuwekea mipaka ukarimu huo. Caterpillar, kwa mfano, hutaka maji ya kuchanganyia kulanti yasizidi miligramu 40 za kloridi kwa lita. Maji ya bahari yana kama miligramu 19,000. Piga hesabu: kikombe kimoja cha bahari ndani ya vikombe mia vya maji safi kabisa kinatoa karibu miligramu 190, zaidi ya mara nne ya kiwango. Ulimi wa binadamu huanza kuhisi chumvi kwenye miligramu 200 hadi 300 hivi. Kwa hiyo fundi anayechovya kidole, akaonja na kutamka “haya baridi, mimina tu”, anaweza kuwa mkweli wa ulimi na bado akamimina dozi mara tano ya inayoruhusiwa. Kloridi ikishafika ndani huchana utando mwembamba unaoilinda alumini, kisha huchimba vitundu, kimoja kimoja, bila kelele.

Chokaa nayo ina tabia ya peke yake. Sukari huyeyuka zaidi maji yakipata moto. Chokaa hujitenga na kuganda. Tena haigandi ovyo, huchagua penye joto kali, kuzunguka silinda hedi, mahali hasa panapongoja kupozwa. Na kwa wenye Toyota, ambao ndio wengi mjini, kuna nyongeza: kulanti nyingi za Kijapani hulinda chuma kwa fosfeti, na fosfeti ikikutana na kalisi ya kisimani hushikana nayo na kuwa mashapo. Mtu amenunua kinga kwa bei, akaichanganya na dumu la bure, na vyote viwili vikageuka tope. Watengenezaji wa Ulaya, wenye maji magumu nyumbani kwao, waliliona hilo mapema na wengi wao wakaikwepa fosfeti.

Halafu kuna ajira, jambo ambalo wachumi hawalitaji. Mtazame fundi rejeta wa Tandika na rejeta ya zamani ya shaba mbele yake. Anabandua tenki la juu kwa moto, anaingiza ukanda mwembamba wa chuma kwenye kila njia ya maji, anausukuma na kuuvuta, na unga wa rangi ya tofali unadondoka kwenye kiatu chake. Njia zikifunguka anachomea tenki, anapima kwa upepo ndani ya pipa la maji, anaita mteja. Kazi hiyo yote imeletwa na dumu. Rejeta za siku hizi, alumini na tenki la plastiki lililobanwa kwa meno, zinamnyima fundi heshima hiyo, maana zikitoboka mara nyingi hununuliwa nyingine. Hapo anayeshukuru dumu ni muuza spea. Na gari likichemsha mpaka hedi ikapinda, wanaopata ni wengi zaidi: mfungua injini, msaga hedi, muuza gasketi. Anayekosa ni mwenye gari peke yake, pamoja na hesabu ya wiki nzima.

Washindani wake hawana mvuto. Maji ya betri hayana madini, lakini hayana historia, na asiyesoma lebo anaweza kubeba asidi badala yake. Maji ya mvua ya masika ni mazuri, ila lazima mtu aache mvua ya kwanza ioshe bati, na subira hiyo ni ya wakulima. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hutumiwa kwa pasi. Madini hayana, vumbi yanalo. Maji ya kunywa ya chupa yameandikwa madini yake ubavuni, ushahidi ambao hakuna anayeusoma kabla ya kumimina.

Adui mkubwa ni ile kulanti ya pinki ya Toyota, inayouzwa ikiwa imeshachanganywa nusu kwa nusu. Haihitaji maji ya mtu. Ratiba yake ni kilomita 160,000 kabla ya kubadilishwa mara ya kwanza, halafu kila 80,000, muda ambao dumu lingekuwa limeshalisha familia kadhaa. Wapenzi wa dumu hujibu kwamba kulanti ni dawa ya barafu, na Kinondoni haijawahi kuganda. Hoja inapendeza. Kasoro yake ni kwamba kemikali za kuzuia kutu hufanya kazi hapa kama kule, na kwamba mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi kama 107 badala ya 100, hata kabla mfuniko wa rejeta haujaongeza shinikizo. Kwa kupanda Pugu na abiria wamejaa, nyuzi hizo saba si haba.

Mnunuzi wa gari la mkononi, akiwa mjuzi, hataki hata ufunguo kwanza. Injini ikiwa baridi anafungua mfuniko wa rejeta, anachovya kidole na kumwonyesha dalali. Kikitoka na tope la kahawia, anataja bei yake, na dalali, ambaye dakika moja nyuma alikuwa akiapa kwamba gari lilikuwa la mama mmoja wa Mbezi Beach, anaanza kuomba waelewane.