Mhadhara wa Profesa wa LUKU kwa Wapangaji wa Vyumba Vinane

Baba mwenye nyumba, ambaye hukufika lakini umewakilishwa na notisi uliyobandika mlangoni, mjumbe wetu, wapangaji wenzangu wa vyumba vyote vinane, mliolipa na mnaodaiwa, watoto mnaochungulia dirishani: itifaki imezingatiwa. Nimeletewa ndoo nikalie. Nashukuru, ila nitasimama. Mtaalamu akikalia ndoo, elimu yote inashuka.

Nimesikia mtu ananong'ona huko nyuma, eti huyu kasomea wapi umeme. Swali zuri, na aibu kwa aliyeliuliza. Mimi ndiye mtu pekee katika ua huu anayeingiza tokeni ya tarakimu 20 gizani bila kukosea. Nimesoma nishati peke yangu, nikajitungia mtihani, nikajisahihisha na kujitunuku. Sikuona chuo chenye hadhi ya kunifundisha. Hata walimu wao huishiwa uniti.

Tuingie kwenye mada. Elfu kumi tuliyochanga Jumapili inakata leo Jumatano, na kila mmoja wenu hapa ana mshukiwa wake.

Nimefanya utafiti wa kina, tena bila posho, nikagundua kuwa adui wa kwanza wa ua huu ni chaja za simu. Naam! Zile chaja mnazoziacha ukutani usiku kucha, zikinyonya damu ya taifa. Naagiza kuanzia leo zote zikusanywe kwangu saa mbili usiku. Kijana wa bodaboda amenyoosha mkono. Anasema amepiga hesabu: simu ikichajiwa kila siku, mwezi mzima haifikishi hata uniti moja. Kijana, hesabu yako ni sahihi, na hilo ndilo tatizo lake. Mhadhara huu hauendeshwi kwa hesabu.

Twende kwenye taa. Taa ya LED ya wati 9, ikiwaka kwa saa tano kila usiku, mwezi mzima inakula uniti moja na kidogo. Globu ya kizamani ya wati 60, kwa muda huo huo, inakula uniti 9. Sasa ile globu ya chooni, aliyoifunga baba mwenye nyumba kwa mkono wake, inawaka tangu magharibi hadi alfajiri. Ni uniti 21 na ushee kwa mwezi. Kwa bei tunayonunulia hapa, mende wa choo kile wanaangaziwa kwa zaidi ya shilingi elfu saba. Nimelizungumza hili kwa sauti ya juu ili notisi iliyopo mlangoni isikie.

Na hiyo bei ndiyo kitovu cha mhadhara, hivyo aliyesinzia aamshwe. Kuna kundi la wateja wa TANESCO linaloitwa D1, la watumiaji wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hao hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unapata 122. Uniti zote 75 kwa shilingi 9,150! Ukipitiliza hapo, uniti inayofuata ni shilingi 350 kabla ya makato, na ukiwa na mazoea ya kupitiliza unahamishiwa T1, ambako uniti ni 292, na ukijumlisha makato ni 356. Huko elfu kumi inakupa uniti 28. Ndiko tuliko sisi.

Mama wa chumba cha tatu anauliza: tumetajirika lini? Hatujatajirika, mama. Wewe una taa moja, redio na feni. Hata ukitumia uniti 20 kwa mwezi, peke yako ungekuwa mtu wa D1 wa kupigiwa mfano. Lakini vyumba vinane mara 20 ni 160, na mita ni moja. Mita haioni milango. Inaona mtu mmoja mkubwa anayeishi kifahari, inamtoza kifahari. Maskini wanane tukijikusanya chini ya mita moja tunahesabiwa tajiri mmoja. Hapo sina mzaha: anayepanga chumba analipa umeme ghali kuliko mwenye nyumba yake ndogo ya pekee, na kuzima taa mapema hakutalitibu hilo. Dawa ni baba mwenye nyumba kuomba mita nyingine za LUKU. Zile mita ndogo za ndani za kufunga kila mlango zitatuliza ugomvi, maana kila mtu atajua alichokula, ila bei itabaki ile ile.

Yupo atakayewashauri mumwite kishoka achepushe waya. Mimi kama mtaalamu nalipinga hilo, kwanza kwa sababu ni wizi na faini yake itatufilisi, pili kwa sababu kishoka yule ananiita dogo.

Kuhusu tokeni ya mwanzo wa mwezi kuja imekonda: siyo jini. Ni kodi ya jengo, inakatwa humo humo kwenye LUKU tangu 2021. Jengo ni la nani? Sisemi. Notisi inasikia.

Sasa, moto. Hapa nitapita haraka, kwa sababu zangu binafsi. Kitu chochote cha kutoa joto ndicho mlaji mkuu. Pasi ya wati 1,000 ikikaa kwenye moto saa nzima ni uniti moja, kwa hiyo piga nguo za wiki kwa mkupuo mmoja, usiwashe pasi kwa ajili ya kola. Hita ya kutumbukiza, mkichemsha nayo ndoo ya lita kumi hadi itokote, ni karibu uniti nzima, kisha mnaongeza maji baridi kwa sababu mmejiunguza! Yapasheni hadi yawe ya kuogea, mchomoe. Na jiko la pleti kwa kupikia maharage ni msiba mtupu: saa tatu, uniti mbili mpaka tatu. Jiko la presha la umeme hupika maharage hayo hayo chini ya uniti moja.

Wenye gesi nao wasinicheke. Wale wa mita ya gesi, ile ya kulipia kwa simu ambayo salio likiisha vali inajifunga ubwabwa ukiwa nusu, na wale wa mtungi wa kilo sita mnaoutikisa kila asubuhi kama mganga, sikieni. Loweka maharage usiku. Funika sufuria. Maji yakishachemka, punguza moto. Hayataongezeka joto kwa sababu wewe una haraka. Moto ukiwa wa njano na sufuria inapata masizi, safisha kichomeo cha jiko. Na msiulaze mtungi kukamua ya mwisho. Hiyo siyo kubana matumizi, ni kubana maisha.

Tumalizie kwa vitendo. Tazameni kitaa chekundu kwenye mita. Pembeni yake imeandikwa 1,000, maana yake kikipepesa mara elfu, uniti moja imekwenda. Kila mtu azime kila kitu. Friji la chumba cha tano lichomolewe, na wewe ubadilishe mpira wa mlango wake, mlango haushiki. Tayari? Kitaa kinapaswa kulala.

Hakijalala. Kinapepesa kila baada ya sekunde tatu na nusu hivi. Hiyo ni takriban kilowati moja inayowaka sasa hivi, mahali fulani.

Tafadhali, msifuate waya. Msifuate harufu pia. Chumba namba nane ni maabara. Kile kilicho juu ya pleti siyo maharage kwa maana mnayoielewa ninyi, ni sampuli, na utafiti wa aina hii hauwezi kukatizwa katikati, hasa nazi ikishawekwa.

Tuendelee na ajenda ya mwisho. Mchango wa wiki hii ni shilingi elfu mbili kwa kila chumba, isipokuwa namba nane, kinachochangia elimu. Nasikia kelele. Basi namba nane kitachangia elfu mbili. Kelele bado. Elfu nne, na bakuli moja kwa kila mlango. Leteni fedha kabla ya magharibi, maana kwenye mita zimebaki uniti nukta sita, na sampuli haijaiva.